JIKONI WIKI HII: Saladi ya Mchuzi Moto wa Bekoni

Baridi ya Julai hapa Nakuru haina mzaha. Mji wetu, uliotangazwa kuwa jiji Desemba 1, 2021, uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Upepo wa jioni ukianza kushuka kutoka Menengai, hakuna mtu nyumbani kwangu Section 58 anayetaka kuonyeshwa majani mabichi yaliyotoka kwenye friji.

Mkali kuliko wote alikuwa mama mkwe. Alikuja kukaa nasi kutoka Njoro baada ya kuugua. Aliacha shamba, akaacha kuku, akaacha na managu yake nyuma ya nyumba. Wiki tatu nzima alikuwa mtu wa chai na mkate tu. Siku moja nikamwandalia saladi ya letasi na nyanya, kama tulivyofunzwa shuleni. Aliitazama, kisha akaisukuma sahani polepole.

"Mwanangu," akaniambia, "haya ni ya sungura."

Mume wangu alicheka. Mimi sikucheka. Mama alikuwa akizidi kukonda, na daktari alikuwa amesisitiza ale mboga.

Ndipo nilipokumbuka mapishi ya watu wa Pennsylvania, Marekani, wale ambao mababu zao walihamia huko kutoka Ujerumani. Majira ya baridi yakiisha, wao huchuma majani machungu ya mwituni na kuyamwagia mchuzi moto wa mafuta ya bekoni, siki na sukari. Ukifikiri vizuri, si jambo geni. Akina mama wengi wa Bonde la Ufa hutia maziwa au malai katika managu na saga ili kuutuliza uchungu. Wale walikuwa na nguruwe, sisi tukawa na ng'ombe.

Basi nikaweka kikaango motoni. Bekoni haijaiva vizuri, nikasikia fimbo ya Mama ikigonga sakafu. Alisimama mlangoni akinusa.

"Nani anampikia mzungu?" akauliza.

Nikamvutia kiti. Akanieleza kwamba baba yake alikuwa mpishi katika shamba la mlowezi huko Njoro, miaka ya mwisho ya ukoloni. Asubuhi watoto wa wafanyakazi walinusa bekoni kupitia dirishani. Nyama ilikwenda mezani kwa bwana. Kilichofika nyumbani ni mafuta yaliyobaki, ndani ya mkebe, na mama yake aliyamwaga juu ya managu yaliyochemshwa.

"Mafuta nayajua," akasema. "Nyama yenyewe sikuionja hata siku moja."

Msomaji, hayo hayakuwa ya nyumba moja tu. Kiwanda kilichojulikana sana kwa bekoni nchini siku hizo kilikuwa Uplands, huko Lari, Kiambu. Wafanyakazi wake walipogoma mwaka wa 1947, polisi waliwafyatulia risasi. Wengi walioitengeneza bekoni hawakuwa walaji wake. Nilichukua kipande cha kwanza kilichokauka vizuri, nikampa Mama mkononi.

Sasa tuingie kazini. Mapishi haya yanatosha watu wanne.

MAHITAJI
Bekoni gramu 150
Majani machanga ya spinachi au letasi, fungu moja kubwa
Kitunguu kimoja kidogo
Siki vijiko 3 vikubwa
Maji vijiko 2 vikubwa
Sukari kijiko 1 kikubwa
Pilipili manga kidogo
Mayai 2 yaliyochemshwa yakawa magumu

NAMNA YA KUTAYARISHA
1. Osha majani moja moja kwa maji safi yanayotiririka. Yakaushe kwa kitambaa safi, kwa maana majani yenye maji huufanya mchuzi uteleze na kubaki chini ya bakuli. Yakatekate, uyaweke katika bakuli kubwa.
2. Katakata bekoni vipande vidogo. Iweke katika kikaango kikiwa bado baridi, kisha uwashe moto mdogo. Ukianza na kikaango cha moto, nyama itaungua kabla ya kutoa mafuta.
3. Bekoni ikishakauka na kuwa rangi ya kahawia, iopoe. Acha mafuta vijiko vitatu hivi ndani ya kikaango.
4. Kaanga kitunguu katika mafuta hayo mpaka kilainike.
5. Ondoa kikaango motoni kwanza, ndipo utie siki, maji na sukari. Usiharakishe, kwa sababu siki ikigusa mafuta makali huruka na inaweza kukuchoma usoni. Rudisha motoni, koroga mpaka sukari iyeyuke na mchuzi uchemke.
6. Mwagia majani mara moja, uyageuzegeuze mpaka yalegee kidogo. Nyunyiza bekoni, pilipili manga na vipande vya mayai. Usitie chumvi kabla ya kuonja, maana bekoni ina chumvi ya kutosha.

Jamaa wote wawe wameshakaa mezani kabla hujamwaga mchuzi. Katika baridi yetu hii mafuta hayo huganda haraka na kuacha utando mweupe kwenye sahani. Mlaji aingoje saladi. Saladi haiwezi kumngoja mlaji.

Kama una sukumawiki, ikate nyembamba sana, kisha uigeuze ndani ya kikaango chenye mchuzi kwa dakika moja au mbili, kwa kuwa majani yake ni magumu. Managu na saga usiyatumie mabichi. Yachemshe kwanza kama kawaida yako, uyachuje, ndipo uyamwagie mchuzi. Hivyo ndivyo Mama anavyoyapenda. Mafuta hayo, mbali na ladha, huusaidia mwili kupokea vitamini A iliyomo katika mboga za majani.

MAMBO YA KUKUMBUKA
Joto la mchuzi hulegeza majani, lakini haliui vijidudu vyote. Mboga nyingine za mijini humwagiliwa maji ya mitaro. Ukiwa na shaka na zilikotoka, zipike.

Nunua bekoni iliyotokana na nyama iliyokaguliwa, nawe uiive barabara. Wala isiwe chakula cha kila siku. Mwaka wa 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba nyama zilizosindikwa, bekoni ikiwemo, zinaweza kusababisha saratani ya utumbo. Mwenye shinikizo la damu naye aihadhari chumvi yake. Kwetu huipika mara moja kwa mwezi, tena kidogo.

Jambo la mwisho ni la ujirani. Katika ploti zetu tunaishi na Waislamu, Waadventista na wengine wasiokula nguruwe. Ukiwa na mgeni wa aina hiyo, tumia kikaango kingine na mafuta ya mboga, na badala ya bekoni nyunyiza njugu karanga zilizokaangwa. Mweleze kila kilichomo. Kumlisha mtu asichokula bila yeye kujua ni kumkosea heshima.

Na Mama? Jioni ile alimaliza sahani, akapangusa mchuzi kwa ugali. Asubuhi yake aliniuliza soko liko upande gani. Nikadhani anataka kunyoosha miguu tu. Alirudi na mafungu mawili ya managu na siki chupa moja, akanitoa jikoni mwangu mwenyewe.

Kwa leo tuishie hapo. Pika, onja, na mle pamoja. Jumapili njema!