Kufuli Linalomfungia Nje Mwenye Nyumba

Mwaka 2002, CD za muziki zenye kinga mpya dhidi ya kunakiliwa zilipatikana madukani, na haikuchukua muda kinga hiyo ikavunjwa kwa maka peni. Ukingoni mwa diski palikuwa na data bandia ya kuizuga kompyuta. Mtu alipaka wino juu yake, akasubiri ukauke, akairudisha diski kwenye kompyuta. Muziki ukalia.

Hata hivyo wapo wengi, wakiwamo watu wenye akili zao, wanaoshikilia kwamba bila makufuli ya aina hii filamu na gemu zote zingeishia mikononi mwa wezi. Sikio la mwizi halijasikia habari hiyo.

Itazamwe DVD. Filamu iliyomo hufichwa kwa mfumo uitwao CSS, wenye ufunguo wa biti 40, na deki hubeba ufunguo wa kuifumbulia. Kwa maneno mengine, mnunuzi huuziwa kufuli na ufunguo wake, kisha hukatazwa kuuliza ufunguo umewekwa wapi. Mwaka 1999 programu ya DeCSS, iliyolifungua kufuli hilo, ilizagaa, na aliyefikishwa mahakamani ni Jon Lech Johansen, kijana wa Norway aliyekuwa na miaka 15 wakati huo. Mwaka 2003 mahakama zilimwachia huru mara mbili. Wakati huo haramia mwenye kiwanda hakuwa na haja ya DeCSS wala ya kijana yeyote: alidurufu diski nzima pamoja na kufuli lake, na deki ikaipokea kama halali.

Anayebanwa ni mwenye risiti. Kwa mgawanyo wa kanda za DVD, Afrika Mashariki iko kanda ya 5, Uingereza na Oman ziko kanda ya 2. Filamu iliyolipiwa London, ikafungwa kwenye sanduku la zawadi kwenda Mombasa, hukataliwa na deki inayofuata kanuni. Nakala ya magendo isiyo na msimbo wa kanda hucheza bila kinyongo.

Watetezi wana hoja moja nzito: kufuli halihitaji kudumu milele, litoshe tu kulinda mauzo ya mwanzo. Kwa PlayStation 3, mashine ya gemu ya Sony, hoja hiyo ina ukweli, maana ulinzi wake ulisimama karibu miaka minne tangu 2006. Lakini nani alilipia? Mashine za awali ziliuzwa zikiwa na ruhusa ya kuwekewa mfumo wa uendeshaji wa Linux. Aprili 2010 Sony ikaiondoa ruhusa hiyo kwa sasisho, kwa sababu za usalama. Aliyekataa sasisho alifungiwa mtandao wa PlayStation. Kitu kilichokwisha kununuliwa kikapunguzwa kikiwa sebuleni kwa mwenyewe! Na usalama wenyewe haukuja. Desemba mwaka huohuo, mjini Berlin, kundi la wadukuzi la fail0verflow lilionyesha kwamba Sony ilirudia namba ileile mahali ambapo kila saini ya kidijitali ya kuthibitisha programu ilidai namba mpya ya kubahatisha, na kwa kosa hilo ufunguo wa siri ulipatikana kwa hesabu tu.

Mwaka 2009 Apple iliondoa kinga kwenye nyimbo za iTunes, na nyimbo zikaendelea kununuliwa. Kampuni zinazosita kufuata njia hiyo zitende haki ndogo basi: ziandike juu ya boksi, kwa herufi kubwa kama za bei, yote ambayo mnunuzi hataruhusiwa kufanya, na yale zinayoweza kumnyang'anya baadaye.