Nambari ya Kitambulisho Chako Si ya Kila Daftari

Mteja wetu wa Busia, Malaba na Khunyangu yote, hebu hesabu: tangu Jumatatu umeandika nambari ya kitambulisho chako mara ngapi? Kwa wakala ukitoa pesa. Getini, soja akikusukumia daftari la wageni. Kwenye fomu ya mkopo wa pikipiki. Kwa kijana aliyeketi chini ya mwavuli akisajili laini. Hata mpakani, kwa sababu tangu 2014 Mkenya na Mganda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa bila pasipoti. Mara nyingi unaandika vitu vilevile: jina kamili, kitambulisho, nambari ya simu, sahihi. Na juu ya mstari wako kuna mistari ya watu kumi wengine, yote iko wazi, unaweza kuinakili ukitaka.

Msimamo wetu ni huu: nambari hiyo ni yako, na anayeitaka ndiye anayepaswa kujieleza kwanza.

Kuhusu PIN wateja wengi wameshaelewa. Hakuna mtu mwenye haki ya kukuuliza PIN, awe wakala, awe polisi, awe sisi wenyewe. Lakini nambari ya kitambulisho tunaigawa kama salamu. Shida ni kwamba mkora haanzi na PIN. Anaanza na jina lako, kitambulisho chako na simu yako. Akikupigia na kukutajia hayo matatu bila kukosea, unaamini kabisa kwamba unaongea na mhudumu wa wateja, na PIN unamtajia mwenyewe. Au anayapeleka kwa mtu asiye mwaminifu anayebadilisha laini. Laini yako inazima ukiwa Malaba na inawaka kwenye simu nyingine. Kuanzia hapo ujumbe wa kuthibitisha unaingia kwake. Kwa mama anayenunua mahindi upande wa Uganda na kuuza upande huu, huo ni mtaji wote wa wiki, na karo ya watoto imo ndani.

Na si pesa tu. Mwezi wa Juni 2021 Wakenya wengi waliangalia kwenye eCitizen wakakuta wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Maelezo yao yalitumiwa bila wao kuulizwa. Aliyesajiliwa hakuibiwa hata shilingi, lakini jina lake lilisema jambo ambalo yeye hakulisema.

Swali la nani ana haki ya kudai nambari ya mtu haliko kwetu peke yetu. Marekani limefika hadi kwenye leseni za bunduki. Huko kila mtu ana nambari ya Social Security, iliyoanza mwaka 1936 kwa ajili ya hesabu za pensheni. Kwa miaka mingi kadi yenyewe ilichapishwa maneno kwamba si ya kumtambulisha mtu. Haikusaidia, nambari ikaingia benki, hospitali na vyuo, na anayeijua akaweza kukopa kwa jina la mwenzake. Baadaye baadhi ya waliotaka leseni ya kubeba bunduki iliyofichwa chini ya nguo wakakuta fomu inaidai. Wengine walikwenda mahakamani, katika majimbo kama Georgia na Pennsylvania. Hawakukataa kuchunguzwa. Hoja yao ilikuwa kwamba sheria ya faragha ya 1974 inamlazimu ofisa wa serikali anayeomba nambari hiyo kueleza mambo matatu: je, ni lazima au ni hiari, ni sheria gani inayompa ruhusa, na nambari itatumiwa kwa kazi gani.

Ukimtaka mtu unukuu maswali matatu tu ya kubeba mfukoni, ni hayo. Na usidhani ni ya Wamarekani pekee. Kifungu cha 31 cha Katiba yetu ya 2010 kinamlinda mtu dhidi ya habari zake za binafsi kufichuliwa bila sababu, na pia dhidi ya kudaiwa bila sababu. Angalia hilo neno kudaiwa. Kosa linaweza kuanza pale unapoulizwa, kabla hata daftari halijaibwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaongeza kwamba anayekusanya maelezo yako akuambie anayataka kwa nini, atampa nani mwingine, kama ni lazima au ni hiari, na nini kitatokea ukikataa. Uganda nao walipitisha sheria yao ya data na faragha mwaka huohuo wa 2019. Kwa hiyo mwenye laini mbili, ya huku na ya ng'ambo, ana ulinzi pande zote mbili za mpaka.

Sasa, tusidanganyane. Kuna mahali nambari ni lazima. Anayeomba leseni ya bunduki hapa Kenya hawezi kujificha. Bodi inayotoa leseni lazima ijue inampa silaha nani. Sisi pia tunaiomba. Sheria dhidi ya utakatishaji wa pesa inatutaka tumjue mteja, na wakala anapokuomba kitambulisho ukitoa pesa anakulinda wewe, ili mtu aliyeokota simu yako asitoe pesa zako. Lakini hata pale ilipo lazima, kuna namna. Kitambulisho kikaguliwe na kurudishwa mkononi mwako. Kisipigwe picha kwa simu ya mtu binafsi. Daftari likae upande wa wakala, mteja anayefuata asisome mistari iliyotangulia, na likijaa lisiishie kufungia mandazi. Wakala wetu anayeacha daftari wazi kwenye kaunta, mwambie alifunge. Akikataa, tuambie sisi.

Tunajua jibu la wengi: "Nikianza kuuliza maswali sitahudumiwa, na nyuma yangu kuna foleni." Ni kweli, soja wa getini hakuitunga hiyo fomu, na kubishana naye ni kumwonea. Ndiyo maana tunasema mzigo huu si wa mteja peke yake. Mwenye jengo, mwenye duka, mwenyekiti wa chama, jiulize unaifanyia nini hiyo nambari. Kama kazi ni kujua nani ameingia na ametoka saa ngapi, jina na saa zinatosha. Nambari usiyoihitaji ni mzigo unaoubeba bure, na ikivuja utajibu wewe. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni ya mikopo ya simu, Mulla Pride, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu kuwasumbua. Kwa biashara ndogo, hata sehemu ndogo ya faini kama hiyo ni kufunga mlango.

Kwako mteja, tunapendekeza uanze na haya. Uliza yale maswali matatu kwa upole: "Boss, hii ni lazima? Ni ya nini?" Mara nyingine utaambiwa, "Acha tu, andika jina." Kama una laini ya Safaricom, bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, ukiona usiyoijua, iripoti siku hiyohiyo. Bonyeza pia *100*100# uzuie mtu mwingine kubadilisha laini yako. Laini ikizima ghafla bila sababu, usingoje kesho. Azima simu, utupigie tufunge akaunti kwanza, maswali baadaye. Na kama maelezo yako yametumiwa vibaya, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo sheria inaitaka imalize uchunguzi ndani ya siku 90.

Wazee wetu bado wanakiita kitambulisho kipande. Wakati wa ukoloni mwanamume Mwafrika alilazimishwa kukivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma, na yeyote mwenye mamlaka angeweza kukidai na kukisoma. Leo kitambulisho kiko mfukoni mwako. Ukikitoa, ujue ni kwa sababu gani.