Nyumba za Mawe Zinataka Wakfu Mpya

Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, kuna ugonjwa ambao fundi wa nyumba za mawe huutambua kabla hajaweka chini kapu lake la zana. Lipu ya simenti, iliyopigwa miaka michache tu iliyopita na kupakwa rangi nyeupe, imevimba usawa wa goti. Ukigongwa kwa kidole, ukuta unaitika kama debe tupu. Kipande kikibanduka, nyuma yake hamna jiwe gumu tena bali ungaunga wa chumvi unaomwagikia barazani kama pumba.

Mwenye nyumba alidhani anaitengeneza. Kuta za mji huu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, udongo mwekundu na mchanga, na ukuta wa namna hiyo hupumua. Hunyonya unyevu wa masika na wa ardhini, kisha huutoa polepole jua linapowaka. Simenti huziba njia hiyo. Maji yaliyokwisha kuingia hukosa pa kutokea, na chumvi yake huganda ndani na kulisaga jiwe.

Chokaa nayo haina haraka. Mawe huchomwa katika tanuu la magogo, yakaachwa yapoe, yakamwagiwa maji, kisha chokaa ikalazwa kwa majuma au hata miezi ndipo ifae kwa lipu laini. Mfuko wa simenti unapatikana dukani asubuhi hii hii, na kufikia alasiri kazi imekwisha. Si ajabu mwenye nyumba aliyebanwa akachagua simenti.

Juu ya kuta hizo zimelazwa boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba, ambavyo kwa kawaida havivuki mita 3. Juu ya boriti hupangwa mawe, kisha humwagwa zege la chokaa ambalo zamani lilipigwa kwa vipande vya mbao siku nzima, watu wamejipanga safu na nyimbo zikiwaongoza, mpaka paa likakaza. Paa la aina hiyo hudumu vizazi, ila kwa sharti moja dogo: maji yasituame. Mlizamu ukizibwa na majani makavu au mfuko wa plastiki, maji huteremkia pale kichwa cha boriti kinapoingia ukutani, mahali ambapo jicho halifiki. Boriti huoza kimyakimya. Kisha usiku mmoja wa mvua dari inashuka na mawe yake.

Mlizamu huo ungezibuliwa na kijana mwenye ngazi kwa nusu saa. Hapo ndipo penye kasoro kubwa ya uhifadhi wetu wa majengo ya kale: kazi ni ya kila mwaka, lakini fedha huja mara moja, tena huja nyufa zikiwa zimeshapanuka.

Beit al Ajaib, jumba la kifalme la mji huu, imelionyesha hilo kwa namna ya kuumiza. Sultani Sayyid Barghash aliijenga mwaka 1883, ikawa nyumba ya kwanza mjini kuwaka taa za umeme, na ndiyo maana watu wakaiita ya ajabu. Mwaka 1896 ilinusurika mizinga ya Waingereza iliyobomoa majumba ya jirani. Baadaye ikawa makumbusho, watoto wa shule wakipandishwa ngazi zake kwenda kuutazama mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba badala ya misumari. Mwaka 2012 sehemu ya jengo ilianguka na milango ikafungwa. Miaka minane ilipita. Ukarabati mkubwa kwa msaada wa Oman ulikuwa umeshaanza pale upande wa mbele na mnara wa saa uliporomoka, tarehe 25 Disemba 2020. Watu wawili walikufa chini ya kifusi.

Kupokea msaada si aibu, na Oman ina historia yake ndani ya kuta zile. Linalouma ni kwamba jumba ambalo picha yake ilikuwa katika kila kijitabu cha watalii halikuwa na fungu lake lenyewe, hata dogo, la kulitibu jeraha lilipokuwa bado jeraha.

Na swali la nani alipie matengenezo Waswahili wa mwambao walikwisha kulijibu zamani sana. Mtu mwenye uwezo alipojenga msikiti, aliutengea mali ya kuulea: duka, nyumba ya kupangisha au shamba la minazi, na pato lake likawa la mafuta ya taa, mikeka, ndoo ya kisima na chokaa ya ukuta. Huo ndio wakfu. Aliyeuweka alijua kwamba yeye atakufa na mjukuu wake huenda akafilisika, lakini mvua ya masika haitaacha kunyesha. Kwa hiyo hakuwaachia walio hai jukumu la kukumbuka, bali aliifunga mali na jengo kwa fundo moja.

Hadi leo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inasimamia nyumba nyingi ndani ya Mji Mkongwe. Udhaifu wake unaonekana pia. Kodi za zamani zilibaki chini mno, na baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba mengi yaliyotaifishwa yaligawiwa familia nyingi kwa pamoja, chumba huyu, ukumbi yule, bila yeyote kuwa mwenye paa. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985 ikakuta majengo yameshaanza kuanguka. Mwaka 2000 mji ukaingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Heshima hiyo ni kubwa, lakini haizibui mlizamu.

Fedha zipo. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 600,000. Wengi wao hulala kwenye fukwe za Nungwi na Paje, ila ni nadra mmoja kuondoka bila kupita Forodhani, Mji Mkongwe, na kupigwa picha mbele ya mlango wa nakshi. Anayelala hotelini hutozwa ada ya miundombinu kwa kila usiku, na tangu Oktoba 2024 mgeni kutoka nje ya nchi hulipa dola 44 za bima kabla ya kuingia. Kwa hiyo njia ya kukusanya imeshafunguliwa na wageni hawajakimbia. Kilichobaki ni kutenga sehemu ya makusanyo hayo kisheria, isiyoguswa kwa barabara wala mishahara, iwe wakfu wa majengo ya kale. Hesabu zake zibandikwe pale kila mkazi anapoweza kuzisoma.

Wapo wanaosema hoteli zenyewe ndizo zitakazouokoa mji. Ni kweli kwa kiasi fulani, maana jumba lililogeuzwa hoteli hupata paa zima na fundi wa kudumu. Lakini Mambo Msiige, jumba la karne ya 19 kwenye ukingo wa bahari huko Shangani, lilipogeuzwa hoteli, UNESCO ililalamikia ukubwa wa jengo jipya lililoongezwa ubavuni. Na mtaa ukibaki na wageni watupu, baraza hukosa wazee wa kuzikalia, msikiti hukosa safu, muuza kahawa huhama. Mgeni aliyesafiri saa kumi kuja kuuona mji wa Waswahili atawakuta wageni wenzake. Mfuko wa chokaa umfae kwanza mkazi asiye na hoteli, yule aliyepiga simenti kwa sababu hakuwa na njia nyingine.

Anayedhani kazi hii ya matengenezo ni ngumu avuke kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani. Mji huo wa kale uliishika biashara ya dhahabu ya Sofala, ukatengeneza sarafu zake na kumpokea Ibn Battuta mwaka 1331. Magofu yake na ya Songo Mnara yaliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, lakini mwaka 2004 yaliingizwa pia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Bahari ilikuwa ikila ufuo, na mizizi ikipasua kuta. Fedha za wafadhili zilisaidia, lakini kazi yenyewe ilikuwa ya mikono: wanakijiji walifundishwa kuchanganya chokaa na kuziba nyufa, vichaka viking'olewa na mikoko ikipandwa ufuoni ili ipunguze nguvu ya mawimbi. Mwaka 2014 Kilwa iliondolewa katika orodha ya hatari. Mafundi waliojifunza pale ni watu wa kijiji hichohicho, na ukuta ukipata ufa leo hawahitaji kungoja ndege ya mtaalamu.

Unguja bado ina mafundi wa namna hiyo, ila ni wachache, na vijana wao wanakimbilia matofali ya simenti ambako malipo ni ya kila wiki. Fungu likiwepo, fundi mmoja mzee apewe wanafunzi wawili wanaolipwa, na tanuu lipate magogo ya minazi mizee badala ya kukata mikoko. Na kabla masika ya Machi hayajaingia, wanafunzi hao wapande na ngazi na makapu kwenye mapaa ya nyumba za wakfu, mtaa kwa mtaa, kuanzia Malindi hadi Shangani, wazibue milizamu yote na waandike katika daftari ni boriti gani imeanza kulegea.