Daftari la Wodi ya Wazazi Nalo ni Maabara

Ipo dhana miongoni mwa wasomi wetu kwamba utafiti wa tiba ni kazi ya miji mikuu, palipo na mitambo ya gharama. Dhana hiyo yafaa ipimwe kwa kazi ya marehemu Dk. Godfrey Mbaruku, bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, aliyeanzia utafiti wake katika Hospitali ya Mkoa ya Kigoma, Maweni.

Kwanza zilipitiwa kumbukumbu za vifo vya akina mama wajawazito na waliojifungua, za miaka 1984 hadi 1986. Ilidhihirika kwamba mengi hayakuandikwa kabisa. Kisha, tangu 1987, ulifuatwa mpango wa vipengele 22: mikutano ya kuchunguza kasoro za huduma, upatikanaji wa damu, mafunzo kazini, matengenezo ya vifaa, utengenezaji wa maji ya dripu hapo hapo, usikilizaji wa malalamiko ya wananchi, hata umbali wa makazi ya watumishi. Kufikia 1991 vifo vilikuwa vimeshuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1995 pamoja na Staffan Bergström wa Sweden.

Mwenye kushika kanuni za sayansi atauliza: hospitali moja, isiyolinganishwa na nyingine, yathibitisha nini? Swali hilo ni halali. Hata hivyo, kila kipengele kilikusudiwa kuziba njia ya kifo inayojulikana. Mzazi avujaye damu huhitaji damu, naye mganga akaaye mbali huchelewa.

Mwaka 2005 Dk. Mbaruku alitunukiwa shahada ya udaktari wa falsafa na Taasisi ya Karolinska, Sweden, wala hakuipa Kigoma kisogo. Uchunguzi wa vifo vya watoto waliofia tumboni au mara baada ya kuzaliwa, aliouchapisha na wenzake mwaka 2009, ulionyesha kwamba ucheleweshaji mwingi ulitokea baada ya mama kufika hospitalini.

Hapo ndipo penye uzito. Mama wa Mwandiga yu kilometa chache tu kutoka mjini Kigoma. Hangoji mtumbwi kama wenzake wa vijiji vya mwambao wa ziwa. Akifika mapema na mtoto akapotea, hatuwezi kuisingizia njia. Kila uchungu ukazapo, damu iendayo kwenye kondo la nyuma hupungua. Uchungu ukirefuka kupita kiasi, mtoto hukosa hewa. Mapigo ya moyo wake kwa kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika. Kuyasikiliza kwahitaji mrija mfupi wenye umbo la tarumbeta, saa, na mtumishi aliye macho, ayaandike.

Kwa maoni yangu, vyuo vikuu vyetu viihesabu kazi ya namna hii kuwa utafiti kamili wakati wa kupandisha watu vyeo, na mkunga aandikaye kwa uaminifu atambuliwe kuwa mshiriki wake. Lakini wakuu wa hospitali wasiligeuze daftari kuwa hati ya mashtaka. Likiwa la kutafuta mkosaji, kalamu itaficha. Na kifo kilichofichwa hakimfundishi mtu.

Dk. Mbaruku alifariki mwaka 2018, baada ya kuitumikia pia Taasisi ya Afya ya Ifakara. Njia aliyoionyesha haidai fedha za kigeni ili ianze. Yadai daftari lenye ukweli, na wakubwa walio tayari kulisoma.