Siku Moja Nje ya Chiang Mai

Mji wa Chiang Mai, ulioko kaskazini mwa Thailand, ulianzishwa na Mfalme Mengrai mwaka 1296, na hata leo sehemu yake ya kale ingali imezungukwa na handaki la maji lenye umbo la mraba, kila upande ukiwa na urefu wa kilomita moja na nusu hivi. Askari akilitazama handaki hilo, pamoja na mabaki ya kuta za matofali yaliyosimama penye pembe zake, hahitaji kuelezwa kwamba mji huu ulijengwa na watu waliomtarajia adui. Naye adui alikuja. Mwaka 1558 majeshi ya Burma yaliuteka, na utawala wa Waburma ukadumu kwa muda wa miaka 200 na zaidi. Walipofukuzwa, mji uliachwa mahame kwa miaka mingi, hata katika miaka ya 1790 mtawala aliyeitwa Kawila alipowakusanya watu na kuujaza tena.

Mkoa wa Chiang Mai unapakana na Burma, ambayo sasa huitwa Myanmar, nchi ambayo wazee wengi wa Afrika ya Mashariki waliijua kwa nyayo zao wenyewe: Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilipigana katika bonde la Kabaw mwaka 1944, upande wa mbali wa nchi hiyo, karibu na mpaka wa India. Milima, mvua na misitu waliyoisimulia wazee hao haitofautiani sana na ile anayoiona leo mgeni anayetoka Chiang Mai asubuhi kwenda matembezini.

Kosa la kwanza la jamaa nyingi zilizo likizoni ni kutaka kuona kila kitu kwa siku moja. Madereva wa huko, kama madereva wa kwingineko, huwa tayari kuahidi mahali patano kati ya kifungua kinywa na chakula cha jioni. Na watoto hurudi wamelala kwenye viti, wasikumbuke ila vumbi na choo. Heri siku moja kwa mahali pamoja.

Aliye na siku moja tu na aende Doi Suthep. Huu ni mlima unaosimama magharibi mwa mji, na hekalu lake, ambalo huonekana waziwazi kutoka barabarani hali ya hewa ikiwa safi, liko umbali wa kilomita 15 hivi. Usafiri ni wa gari jekundu lenye mabenchi mawili yanayotazamana, ambalo wenyeji huliita songthaew, maana yake safu mbili. Yeyote aliyekwisha kupanda gari dogo la abiria huku kwetu atajiona yuko nyumbani, isipokuwa kwamba hakuna mpiga debe.

Kwa mujibu wa masimulizi ya huko, mahali pa hekalu hapakuchaguliwa na mtu bali na tembo. Mfalme Kuena, katika karne ya 14, aliweka masalia matakatifu ya Buddha mgongoni mwa tembo mweupe, akamwachia aende apendako. Tembo alipanda mlima, akalia mara tatu, akazunguka, kisha akafa. Na hapo ndipo ulipojengwa mnara ambao sasa umefunikwa kwa dhahabu. Ngazi za kuufikia zina vidato zaidi ya 300, na kingo zake ni miili mirefu ya majoka iliyopambwa kwa vigae. Mzee au mama mwenye mtoto mchanga asione haya kupanda chombo cha reli kinachovutwa juu kwa kamba ya chuma, kwani ndicho kilichowekwa kwa ajili hiyo.

Lakini jambo kubwa zaidi kuliko dhahabu ni barabara yenyewe. Kwa karne kadhaa waumini walipanda Doi Suthep kwa miguu, wakipita njia za msituni. Mwaka 1934 mtawa mmoja mzaliwa wa Lamphun, aliyeitwa Khruba Siwichai, aliwaita watu waje wachimbe barabara. Hapakuwa na mashine wala fungu la serikali. Watu walikuja kwa maelfu na majembe yao, kila kijiji kikipewa kipande chake, wengine wakileta mchele na mboga za kuwalisha wachimbaji. Mwezi wa Novemba kazi ilianza. Mwisho wa Aprili 1935 gari la kwanza lilipanda kilomita zile 11 za mlimani. Jambo la kushangaza ni kwamba mtawa huyo hakuwa mtu wa kupendwa na wakuu. Mara kadhaa alikuwa amezuiliwa na kuhojiwa kwa kuwapa watu utawa bila ruhusa ya makao makuu ya dini huko Bangkok, na baada ya kuimaliza barabara aliitwa tena akajieleze. Leo sanamu yake iko chini ya mlima, pale barabara inapoanzia, na madereva wengi hawapiti bila kuinamisha kichwa.

Wenyeji wanauchukulia mlima huu kama mali ya kila mtu. Mwaka 2018, nyumba za watumishi wa mahakama zilipojengwa na kuukata msitu ulio miguuni mwa mlima, watu wa mji walijifunga tepe za kijani na kuandamana, mpaka serikali ikakubali kwamba nyumba zile zisikaliwe. Kovu lao liliweza kuonekana kutoka angani, jeupe katikati ya kijani.

Katika hekalu lolote viatu huvuliwa, mabega na magoti hufunikwa. Mama aliyebeba kanga au kitenge cha ziada mfukoni hana taabu. Miguu haielekezwi kwenye sanamu ya Buddha wakati wa kuketi. Mwanamke hamgusi mtawa wala hampi kitu mkononi. Na kichwa cha mtu mwingine, hata cha mtoto mzuri kiasi gani, hakipapaswi. Kuhusu mfalme na jamaa yake, mgeni asifanye mzaha kabisa, maana sheria ya nchi hiyo ni kali katika jambo hilo.

Doi Inthanon ni safari ya siku nzima, kwa kuwa uko umbali wa kilomita 100 hivi kusini-magharibi, na yafaa kuondoka alfajiri. Huu ndio mlima mrefu kupita yote ya Thailand, mita 2,565. Mtu aliyezoea kuutazama Rwenzori ataguna kidogo; hata hivyo asiache sweta, kwani mwezi wa Desemba na Januari asubuhi za kileleni huweza kuleta jalidi juu ya majani. Jina lake ni la Mfalme Inthawichayanon wa Chiang Mai, aliyefariki mwaka 1897, ambaye sehemu ya majivu yake ilihifadhiwa huko juu. Karibu na kilele kuna minara miwili, mmoja wa mwaka 1987 na mwingine wa 1992, iliyojengwa na Jeshi la Anga la Thailand kwa heshima ya mfalme na malkia walipotimiza miaka 60 kila mmoja. Bustani zinazoizunguka ni nzuri, ila wingu likishuka mtu haoni hata mkono wake. Njiani kuna poromoko la Wachirathan, ambalo wakati wa mvua huwalowesha watu waliosimama mbali.

Katika miteremko hiyo wanaishi Wahmong na Wakaren. Zamani baadhi ya mashamba ya milima ya kaskazini yalilimwa afyuni. Sheria iliipiga marufuku, lakini sheria peke yake haimlishi mkulima. Ndipo mwaka 1969 ulipoanzishwa mradi wa mfalme wa kuwapa watu wa milimani mazao mengine: kahawa, kabichi, maua, matunda ya baridi kama mapichi, na stroberi. Hivi leo msafiri hununua stroberi kando ya barabara kutoka kwa wajukuu wa watu hao. Askari polisi wanaopambana na bangi vijijini wangefaidika kulitafakari jambo hili kuliko kulipiga picha.

Sasa kuhusu tembo, ambao kwa watoto ndio sababu ya safari yote. Kwetu tembo ni mnyama wa porini anayevunja migomba usiku. Kwamba anaweza kufugwa si ajabu kamili, maana huko Kongo, karibu na mbuga ya Garamba, kilikuwapo kituo cha Gangala-na-Bodio ambako tembo wa Afrika walifundishwa kazi. Lakini kaskazini mwa Thailand tembo walikuwa watumishi halisi: waliburuta magogo ya misaji milimani. Mwezi wa Novemba 1988 mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua mamia ya watu kusini mwa nchi, lawama ikaangukia ukataji wa miti, na mapema mwaka 1989 serikali ikapiga marufuku ukataji wa magogo katika misitu ya asili. Msitu ulipata nafuu. Tembo nao walikosa kazi, ilhali kila mmoja alihitaji chakula cha zaidi ya kilo 100 kwa siku. Wenyewe wakawageukia watalii.

Ndiyo maana kuna kambi nyingi za tembo kuzunguka Chiang Mai, nzuri na mbaya, na kazi ya kuchagua ni ya wazazi. Tembo hachezi ngoma wala hachori picha kwa kupenda. Kabla ya kufika hapo, aghalabu hutenganishwa na mama yake akiwa mdogo, hufungwa na kupigwa mpaka amtii mtu. Kiti cha mbao mgongoni mwake hubeba watu wawili au watatu mchana kutwa, na uti wake wa mgongo haukuumbwa kwa mzigo wa namna hiyo. Mtoto akililia kupanda, aambiwe hivyo kwa lugha anayoielewa. Watoto huelewa upesi kuliko baba zao, ambao tayari wamekwisha kulipa. Kambi inayofaa ni ile ambayo mgeni husimama kando akitazama tembo wakila na kutembea, pasipo maonyesho. Katika bonde la Mae Taeng, kaskazini mwa mji, zipo za namna hiyo. Hugharimu fedha zaidi.

Wachungaji wa tembo nao wasidharauliwe, kwani wengi ni Wakaren maskini ambao mnyama huyo ndiye mali yao pekee. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozuia wageni, tembo zaidi ya 100 waliongozwa kwa miguu kutoka makambini kurudi vijijini, wakapate majani. Na mwezi wa Oktoba 2024 Mto Ping na vijito vyake vilipofurika, maji yaliingia katika hifadhi moja ya bonde hilo usiku na mchana. Tembo wengi waliokolewa, wawili wakafa maji.

Kwa nusu siku yatosha kijiji cha Bo Sang, kilomita 9 hivi mashariki, ambako miavuli hutengenezwa kwa mianzi na karatasi ya magome ya mforosadi, kisha hupakwa mafuta na kutiwa maua kwa brashi. Kwa desturi kijiji kimoja kilichonga mbavu, kingine kilitengeneza karatasi, kingine kiliunganisha. Fundi atampambia mgeni hata mkoba wake akimwomba. Lamphun, kilomita 26 kusini, ni mji mkongwe kuliko Chiang Mai, na barabara ya zamani ya kwenda huko imepandwa miti mirefu mno pande zote mbili. Baadhi ya miti imefungwa vitambaa vya rangi ya mavazi ya watawa, ili asipatikane wa kuikata.

Wakati mzuri wa safari ni kuanzia Novemba hadi Januari. Kuanzia Februari hadi Aprili mashamba na misitu huchomwa, moshi hulijaza bonde, na mwenye pumu au mtoto mdogo asipelekwe kamwe. Siku nyingine hata Doi Suthep huwa hauonekani kutoka mjini.

Jioni, jamaa itarudi na njaa. Chakula cha kuagiza ni khao soi: tambi za mayai katika mchuzi wa tui la nazi na bizari, pamoja na kuku, tambi nyingine za kukaangwa zikiwekwa juu, na pembeni ndimu na vitunguu vibichi. Inasemekana kilikuja na wafanyabiashara Waislamu kutoka Yunnan, Uchina, na karibu na msikiti wa Ban Haw kinapikwa halali. Pilipili huletwa katika kibakuli cha peke yake. Itiwe kwa ncha ya kijiko.