Farasi Hasomi Gazeti

Msomaji kijana, nitakusimulia habari za siku moja, kisha nitakuuliza swali.

Jumapili moja nilikwenda pamoja na mwalimu mwenzangu katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, mjini Nairobi. Tangu asubuhi mwenzangu hakuliacha gazeti mkononi. Alikuwa amepiga mistari kwa kalamu nyekundu chini ya majina ya farasi ambao mtabiri wa gazeti alisema kwamba watashinda. Akaniambia, "Leo karo ya mwanangu italipwa na farasi." Jioni matokeo yalijulikana: wawili walishinda, wanne walishindwa, na fedha za karo zilikuwa zimekwisha. Njiani hakuwataja wale wanne hata mara moja. Alisifu wale wawili tu, na kupanga mambo ya Jumapili ya pili. Muhula ule mwanawe alikaa nyumbani majuma matatu.

Swali langu ni hili: mtu amjuaye kwa hakika farasi atakayeshinda, ana sababu gani ya kukuambia wewe? Mvuvi akigundua mahali penye samaki wengi hapigi mbiu sokoni. Mtabiri hupata riziki kwa kuandika au kwa kuuza maneno yake. Farasi ashinde au ashindwe, yeye halali njaa.

Huenda ukajibu, "Lakini wako watabiri waliopatia mara tatu mfululizo." Haya, chukua kalamu tufanye hesabu. Tuseme mjanja mmoja ana watu 512, na kila shindano lina farasi 8. Awaandikia watu 64 jina la farasi wa kwanza, 64 wengine la farasi wa pili, na kadhalika mpaka wa nane. Hapana budi watu 64 waambiwe kweli. Hao 64 awagawanya tena katika mafungu ya watu wanane wanane. Baada ya shindano la pili wamebaki 8 walioambiwa kweli mara mbili. Shindano la tatu likiisha, amebaki mmoja, naye yu tayari kuapa kwamba mjanja yule ana elimu ya siri. Kumbe mjanja hajui hata rangi ya farasi! Wale 511 waliodanganywa wamenyamaza kwa aibu, na sauti ya yule mmoja ndiyo inayosikika.

Hata wajuzi wa kweli huaibishwa. Mwaka 1967, katika mashindano makubwa ya Grand National huko Aintree, karibu na Liverpool, Uingereza, walianza farasi 44. Farasi aliyetumainiwa kuliko wote alikuwa Honey End. Foinavon alidharauliwa hata dau lake likawa 100 kwa 1, na mwenyewe hakujisumbua kufika uwanjani. Walipofika kizuizi cha 23, farasi mmoja aliyekuwa hana mpandaji alikata njia mbele ya wenzake. Wakagongana, wakaanguka, wakasimama. Foinavon alikuwa nyuma sana, kwa hiyo mpandaji wake, John Buckingham, alipata nafasi ya kupenya. Akaruka peke yake, akashinda. Honey End akawa wa pili. Je, ni mtabiri gani angaliyaona hayo katika gazeti la asubuhi?

Tena iko hesabu ya pili, nayo ni mbaya kuliko ya kwanza. Mwenye mchezo hukata fungu lake kabla ya kuwalipa washindi. Tuseme anakata shilingi 20 katika kila 100. Watu wakiweka 10,000, zinarudi 8,000. Wakiziweka zote tena, zinarudi 6,400. Na mara ya tatu, 5,120. Karibu nusu ya fedha imepotea, wala hapana aliyeibiwa. Haba na haba hujaza kibaba, lakini tazama kibaba hicho ni cha nani.

Wako watakaosema kwamba naichukia michezo. Sivyo. Farasi akikimbia ni pambo la macho, na mpandaji wake ana ushujaa. Nawaheshimu pia masaisi wanaoamka alfajiri kuwalisha na kuwasugua farasi, maana wao hula jasho lao. Ninalolipinga ni lile neno "hakika" linalouzwa kwa watu wenye shida. Nalo siku hizi halikungoji Ngong. Linakufuata katika simu, mfukoni mwako, hata darasani, likizungumzia farasi leo na mpira kesho.

Basi, kijana, mtu akikuletea utabiri, usimwulize amepatia mara ngapi. Mwambie akuonyeshe daftari lenye utabiri wake wote, uliofaulu na ulioanguka, na fedha zilizotoka na zilizoingia. Akiwa hana daftari hilo, umekwisha kupata jibu. Nenda Ngong ukipenda, ukamtazame farasi na kumshangilia. Lakini karo ipeleke shuleni kwanza, kwa maana farasi hasomi gazeti, wala hajui kwamba mtoto wa mtu anamngojea ashinde.