Mchoro Usiofunguka

Sehemu kubwa ya maji yanayonywewa katika Jiji la Dodoma hutoka chini ya ardhi ya Makutupora, kaskazini mwa jiji, katika bonde lenye mvua haba na jua lisilo na huruma. Visima hivyo vina sifa moja ambayo wengi wetu, hasa tuliohamia huku baada ya Serikali kuhamia mwaka 2016, hatuijui: kina cha maji yake kimepimwa na kuandikwa tangu katikati ya miaka ya 1950. Mwaka 2013 jarida la Nature Climate Change lilichapisha uchambuzi wa kumbukumbu hizo za miaka 55. Ilidhihirika kwamba bonde hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998. Maarifa hayo, ambayo uhai wa makao makuu ya nchi unayategemea, yamepatikana kwa sababu ya kawaida kabisa. Karani wa enzi za Mwingereza aliandika namba na tarehe. Karani wa baada ya Uhuru akaendelea kuandika namba na tarehe. Na mtu yeyote ajuaye kusoma aweza kuzisoma leo bila kumwomba mtu ruhusa.

Naanza na visima ingawa nakusudia kusema juu ya jambo linaloonekana dogo, yaani programu ambazo vyuo vyetu huzitumia kuwafundisha vijana kuchora na kuiga saketi za umeme. Ni dogo kama ilivyo ndogo swichi ya boya ndani ya tangi, mpaka siku inapogoma.

Si zamani sana, mwanafunzi wangu mmoja alikuwa katika mafunzo kwa vitendo kwenye shamba la zabibu huko huko Makutupora. Pampu ya kisima cha shamba iliendeshwa na bodi ndogo iliyopima unyevu wa udongo na kuizima pampu maji yanaposhuka, isije ikaungua kwa kujizungusha mkavu. Bodi hiyo ilitengenezwa miaka mitatu kabla na vijana wa chuo kimoja kama mradi wao wa mwisho. Hitilafu ya umeme ikaiunguza. Mchoro ulikuwepo, umehifadhiwa vizuri kwenye flashi ndani ya kabati. Kompyuta ya kwanza ilidai leseni. Ya pili ilikuwa na toleo jipya la programu ile ile, likalikataa faili kwa kuwa lilitengenezwa na nakala isiyo halali. Ya tatu ililifungua, lakini alama za vipuri zilikuwa zimepotea, na nyaya zikaonekana zikielea kama utando wa buibui. Kijana alikaa siku tisa akizifuata njia za shaba kwa mita ya umeme, huku mizabibu ikinyweshwa kwa ndoo. Mzee mwenye shamba aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: “Mwalimu, kwani mchoro nao una tarehe ya kuisha, kama dawa?”

Mzee yule hakutendwa hivyo na mzembe mmoja. Katika maabara zetu nyingi programu ya saketi huingia kwa njia ambayo sote tunaijua na hatuisemi. Mtu ana flashi yenye nakala iliyovunjwa kufuli. Wanafunzi arobaini wanainakili pamoja na virusi vyake. Mhadhiri anatazama dirishani. Mwaka unaofuata anakuja mkufunzi mwingine na flashi nyingine, nasi tunaanza upya. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, nasi huwaadhibu wanafunzi wanaonakili insha, kisha saa nane mchana tunawaagiza wanakili programu. Kijana anahitimu akiwa na ujuzi asioweza kuutaja mbele ya mwajiri mwaminifu bila kukiri kosa.

Watetezi wa hali hii husema kwamba soko ndilo linalodai. Soko lipi? Kwa miaka mingi soko hilo lilikuwa EAGLE, programu ya Kijerumani iliyotoka mwaka 1988 na kupendwa na wabunifu wadogo duniani kote. Mwaka 2016 kampuni yake ilinunuliwa na Autodesk. Mwaka 2017 leseni ya kununua mara moja ikageuzwa kuwa ya kulipia kwa vipindi. Mwaka 2023 ukatangazwa mwisho wake: tarehe 7 Juni 2026. Siwalaumu wenye mali. Mwenye duka ana haki ya kulifunga. Nawalaumu wanaoweka ghala la umma ndani ya duka la mtu, kisha wakashangaa kukuta kofuli mlangoni.

Tena, elimu hii haikuzaliwa ndani ya kofuli. SPICE, programu ya kuiga saketi ambayo mbinu zake zimo ndani ya nyingi ya zile zinazouzwa leo, ilitoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973, kwa mikono ya mwanafunzi Laurence Nagel na profesa wake Donald Pederson. Wakaitoa kwa yeyote aliyeitaka, na wahitimu wakaondoka nayo kwenda viwandani. Maelezo ya saketi ndani yake ni maandishi matupu: rezista hii, kati ya nukta hii na ile, thamani yake kadhaa. KiCad nayo, ambayo ndiyo ninayoipigia debe hapa bila haya, ilianzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras, mwalimu wa chuo huko Grenoble, Ufaransa. Kituo cha utafiti cha CERN kilianza kuichangia mwaka 2013, na tangu toleo la mwaka 2018 inaiga saketi kwa kutumia ngspice, mzao huria wa SPICE. Faili zake ni maandishi. Hata kama KiCad itakufa kesho, mchoro utasomeka, kama daftari la yule karani wa visima.

Wapinzani wangu wana hoja moja nzito, nami siikwepi. Proteus humwezesha mwanafunzi kupakia programu ndani ya mikrokontrola ya kuigwa na kuona taa ikiwaka kwenye skrini, na KiCad haifanyi hivyo. Kwa darasa lisilo na vifaa, hilo si pambo. SimulIDE, ambayo ni huria, huziba sehemu ya pengo hilo, si lote. Idara inayoihitaji Proteus na iinunue, iweke risiti kwenye jalada, na mchoro wa mwisho bado utolewe kwa muundo huria. Wengine husema LTspice ni ya bure, basi inatosha. Ni nzuri, naitumia mwenyewe. Lakini bure si huria. Msimbo wake uko mikononi mwa kampuni moja ya vipuri, na uamuzi wa kesho ni wa kampuni hiyo.

Kuchagua peke yake hakutoshi. Hata KiCad ina tabia inayokera: faili la toleo jipya halifunguki kwenye toleo la zamani. Idara isipokubaliana toleo gani litumike mwaka mzima, na ikaacha kila mmoja alete lake, tutakuwa tumeifanya programu huria iwe na vurugu zile zile za flashi. Programu moja, toleo moja kwa mwaka, maktaba moja ya vipuri inayotunzwa na mtu anayejulikana kwa jina.

Na ninyi mlio kwenye ofisi za umma: Serikali ilijenga mfumo wake yenyewe wa uhasibu, MUSE, kwa mikono ya Watanzania. Mwajua basi maana ya kumiliki kitu chako. Kwa nini mkataba wa paneli ya pampu ya kijiji, inayolipiwa kwa kodi, uruhusu mkandarasi akabidhi chuma na kuondoka na mchoro? Kifungu kimoja kwenye hati ya zabuni kingetosha: michoro ya saketi ikabidhiwe kwa faili linalofunguka na kuhaririwa bila leseni, pamoja na nakala ya karatasi, kabla ya malipo ya mwisho.

Kwa upande wangu, kuanzia semesta ijayo sitapokea mradi ambao faili lake halifunguki kwenye kompyuta isiyo na leseni yoyote. Bodi ya shamba lile imekwisha kuchorwa upya kwa KiCad, na nakala yake imebandikwa ndani ya mlango wa kibanda cha pampu. Mzee aliomba thamani za vipuri ziandikwe kwa wino mweusi, maana wa bluu hupauka.